Chura wa Darasa la Tano

Mwezi wa kumi na moja uliopita nilisimama sokoni Kambu kununua ndengu. Mama muuzaji alikuwa akinipimia kwa mkebe, mimi nimeshika mfuko wazi, ndipo mvua ya kwanza ikatukuta. Wewe unajua inavyokuja huku kwetu. Kwanza upepo uliojaa vumbi, kisha harufu ya udongo ambayo hata mtu mwenye mafua huisikia, kisha matone makubwa, mazito, yanayopiga ardhi moja moja kama yanatafuta mahali pa kuanzia. Watu wote wakakimbilia chini ya mabati. Hata mimi nilishaanza kukimbia, lakini kutoka kwenye mtaro ng'ambo ya barabara, chini ya kelele za malori ya Mombasa, nikasikia sauti nzito kama ya ndama aliyefungiwa mbali na mama yake. Ikanyamaza. Ikaja tena.

"Mama, si uingie ndani! Utalowa!" muuzaji akaniita.

"Ngoja kidogo," nikamjibu. "Hiyo sauti naijua."

Alinitazama kwa huruma, akafunika ndengu zake kwa karatasi ya nailoni, akaniacha na wazimu wangu. Nililowa mpaka soksi. Nilikuwa nikicheka peke yangu kando ya barabara kuu, mtu mzima na mkoba wake, kwa sababu ya chura.

Nilikulia kwa bibi yangu, kati ya Tulia na Migwani. Sisi tulimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyowaita bibi zao. Mama alifanya kazi mjini na alikuja Krismasi na Pasaka. Siku nyingine zote nilikuwa wa Susu, na Susu alikuwa wa kuku wake. Aliwapenda kuliko viatu vyake vya kanisani. Asubuhi niliamshwa na mlio wa kinu, Susu akitwanga mahindi kuyatoa maganda, ya kupika muthokoi, du, du, du, na kuku wakigombania kila kipande kilichoruka. Mimi nilifungua punda, nikamfunga madumu manne, tukashuka mtoni. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Tulichimba kwa mikono mpaka mchanga ubadilike rangi, tukangoja, maji yakaja polepole, baridi, na safi hata ukaona kucha zako ndani yake. Wakati wa mbaazi mbichi tulikula mbaazi asubuhi, mchana na jioni, na hakuna aliyelalamika.

Nilikuwa na kasoro moja, nayo sikufichi: nilipenda kuongeza chumvi. Nikiona mjusi, kufika nyumbani amekuwa kenge. Wakati mmoja niliwaambia wenzangu kwamba chatu alikuja akanywa maji ndani ya dumu letu, akashukuru kwa kichwa, akaenda. Hadithi ile ilipendwa sana, kisha ikanigeuka. Tangu siku hiyo, nikifungua mdomo darasani, lazima mtu angeuliza, "Na huyo naye alishukuru?"

Nilipofika darasa la tano tuliletewa mwalimu mpya wa sayansi. Alitoka upande wa Makueni, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, na viatu vyake vilikuwa na vumbi kuliko vyetu. Mwalimu aliyemtangulia alitufundisha sayansi kwa kutuandikia ubaoni. Huyu alitutoa nje. Tulilala kifudifudi kutazama mchwa wakiziba tundu tulilolitoboa kwenye kichuguu. Tulipanda mbaazi mbili kwenye mikebe, moja dirishani na nyingine ndani ya kabati, tukaona ile ya kabatini ikirefuka haraka, nyeupe na dhaifu, ikitafuta mwanga kama kipofu anayetafuta mlango. Alituuliza kwa nini miba ya mgunga ni mirefu pale chini mbuzi wanapofika na mifupi kule juu. Tulikuwa tumechomwa na miba hiyo maisha yetu yote, na hakuna aliyewahi kutuuliza.

Nyuma ya darasa alipigilia rafu tatu za mbao za masanduku. Ya kwanza aliiandika HAI. Ya pili, SI HAI. Ya tatu, BADO HATUJUI. Kila mtoto alileta kitu. Tulileta jongoo, magamba ya konokono, mbegu za mbuyu, fupa la ng'ombe, na kobe mmoja aliyekaa siku mbili akaondoka bila kuaga. Rafu ya tatu ilikaa tupu. Nani angetaka kuonekana hajui?

Basi, mwezi wa tisa, kina mama walikusanyika kuchimba matope kwenye silanga. Ndivyo tunavyoliita bwawa la udongo ambalo watu hulichimba wenyewe kukinga maji ya mvua. Kazi hiyo ilifanywa kwa mwethya, watu wa mtaa wote pamoja, kwa nyimbo za kanisa na karai. Silanga lilikuwa limekauka kabisa, udongo umepasuka vipande vipande kama mkate uliosahaulika. Nikiwa nachimba karibu na Susu, jembe langu likagonga kitu, nao udongo ukaachana nacho. Kilikuwa cha mviringo, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, cha kijivu, kimefunikwa na ngozi kavu nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikakipangusa. Kilikuwa na miguu iliyokunjwa chini ya tumbo, na macho yaliyofungwa.

"Mrudishe," Susu akasema, hata hakuinua mgongo. "Huyo ana mambo yake na mvua."

Sikumrudisha. Nilimfunga kwenye leso, na Jumatatu nikampeleka shule.

Mwalimu alimweka juu ya meza yake, tukamzunguka sote, watoto arobaini na mmoja tukipumuliana shingoni. "Haya," akasema, "ni hai au si hai? Msiniambie mnavyofikiri. Niambieni mnavyojua."

Kiranja wetu alikuwa msichana mrefu aliyekariri kila kitu, na alisimama wima kama yuko kwenye jukwaa. "Mwalimu, kiumbe hai husonga, hula, hupumua, hukua, huhisi, hutoa uchafu na huzaa." Akachukua kalamu akamdunga yule chura mgongoni, polepole. Hakuna kitu. Akampulizia usoni. Hakuna kitu. Akaweka kioo kidogo karibu na pua yake kuona kama kitapata mvuke. Kioo kikabaki kikavu.

"Hii kitu imekufa, Mwalimu," akamalizia. "Imekufa zamani."

"Haijafa," nikasema.

Vichwa vyote vikanigeukia. Neno la Susu lilikuwa ulimini mwangu, lakini nililiona dogo sana. Nani angesimama mbele ya darasa la sayansi na kusema bibi yangu amesema? Kwa hivyo nikaongeza langu. "Niliona koo lake likicheza. Mara moja. Kule silangani."

"Na akashukuru?" mtu akauliza kutoka nyuma, na darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Tulipiga kura. Arobaini wakasema amekufa. Mmoja akasema yuko hai, na huyo mmoja alikuwa mimi. Kisha kiranja akauliza swali ambalo sote tulilingoja. "Na wewe Mwalimu, unasema nini?"

Mwalimu alimgeuza chura kwa kidole, akamrudisha alivyokuwa.

"Mimi sijui," akasema.

Rafiki yangu, sijui kama unaweza kuelewa jinsi darasa lile lilivyonyamaza. Tulikuwa hatujawahi kumsikia mwalimu akitamka neno hilo. Sisi tulilichapiwa.

Akatafuta ndoo iliyopasuka mdomo, tukaijaza udongo wa silangani, chura akazikwa humo, ndoo ikawekwa kwenye rafu ya tatu. Mtu akashauri tummwagie maji tuone. Mwalimu akakataa. "Kama yuko hai na tukamwamsha leo, tutamwambia aende wapi? Nje hakuna maji. Hakuna hata mdudu wa kula. Kama amelala, amelala kwa sababu. Tungoje mvua yenyewe." Mimi nikapewa daftari. Kila jioni kabla ya kengele nilitazama ndoo, nikaandika nilichoona.

Niliandika, "Leo hakuna." Kesho yake, "Leo hakuna." Mwezi wa kumi ukaingia na joto lake, lile joto linalofanya hata mbwa akuombe ruhusa apite kivulini. Punda wetu akawa anaenda mtoni mara mbili, kwa maana maji ya mchangani yalizidi kushuka. Kuku wa Susu walitembea wamefungua midomo. "Leo hakuna." Wenzangu walichoka hata kunitania, na hilo liliniuma zaidi. Nilianza kumwota chura akiwa vumbi. Nilijiambia kwamba nikimfukua na kumkuta amekauka, nitahama shule, niende kwa mama mjini, nikaanze upya mahali ambapo hakuna aliyesikia habari za chatu.

Kisha mwalimu mkuu akaingia darasani. Alikuwa mtu mzuri, mzee wa kanisa, lakini matokeo ya mtihani yalimkosesha raha. Wageni wa ofisi ya elimu walitarajiwa Jumatatu.

"Mwalimu," akasema, akionyesha ile ndoo kwa kidole, "mtihani utauliza nini kuhusu ndoo ya udongo?"

"Sijui, bwana mkuu."

"Ndiyo maana nataka itoke leo. Ijumaa hii. Na hizo mbao pia."

Mwalimu hakubishana. Alinisaidia kubeba ndoo mpaka nyuma ya jiko la shule, tukaiweka ukutani, chini ya ukingo wa mabati. "Endelea kuandika," akaniambia. Nilitaka kulia, nikaona macho yake, nikaona afadhali nisilie.

Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Saa nane mchana, tukiwa tunaimba jedwali la saba mara saba, upepo ukafunga dirisha kwa kishindo. Harufu ikaingia. Mwalimu wa hesabu akanyamaza katikati ya sentensi, na hapo juu ya mabati matone yakaanza, moja, moja, kisha yote kwa pamoja, hata hukuweza kusikia kelele yako mwenyewe. Mwalimu wa hesabu alijaribu kutuzuia mlangoni kwa mikono miwili. Ilikuwa kama kujaribu kuzuia kumbikumbi. Shule nzima ilimwagika uwanjani, watoto wamefungua midomo juu, wengine wamevua viatu, wengine wanabingirika kwenye matope mapya. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi akacheza ngoma ya kanisa pale pale. Mimi nilikimbia upande mwingine.

Maji ya mabati yalikuwa yakimwagika moja kwa moja ndani ya ndoo. Udongo ulikuwa umegeuka uji. Nikapiga magoti. Nikangoja. Uji ukainuka katikati, kidogo tu, kama kitu kinachovuta pumzi chini ya blanketi. Kisha zikatoka pua mbili. Kisha macho, yamefunguka, ya dhahabu, yakinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Nilipiga ukelele uliosikika juu ya mvua.

Walikuja wote. Tulimwona akijivuta nje, akijisugua uso kwa mikono kama mzee anayeamka, akiivua ile ngozi kavu na kuimeza. "Anakula nguo zake!" mtoto mmoja akalia. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyomkumbuka, wa kijani, mpana, mwenye mdomo kutoka sikio hadi sikio. Mwalimu wa sayansi alisimama nyuma yetu, maji yakimtiririka usoni.

Ndipo mwalimu mkuu akatokea na mwavuli wake, akapenya katikati yetu, akainama. "Huyu ndiye mlikuwa mnampigia kura?" akauliza, akanyoosha kidole.

Chura akakiuma.

"Wui!" Mwavuli uliruka upande mmoja, miwani upande mwingine. Chura alibaki kidoleni kwa muda ambao mimi niliuona kama wiki, kisha akaachia, akatua juu ya kiatu cheusi kilichong'arishwa, akakikojolea. Hakuna aliyecheka. Hakuna anayemcheka mwalimu mkuu. Tulisimama kama milingoti, mvua ikitupiga, mpaka sauti ya kiranja ikatoka, nyembamba, yenye kutii.

"Mwalimu, inahisi."

"Inasonga!" mwingine akadakia.

"Na inatoa uchafu!"

Mwalimu mkuu alitazama kidole chake. Alitazama kiatu chake. Mabega yake yakaanza kutikisika, tukadhani ni hasira, kumbe mzee wa watu alikuwa anacheka, anacheka mpaka akashika ukuta wa jiko. Hapo sote tukapata ruhusa. Sijawahi tena kucheka namna hiyo. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, na kiranja akanishika mkono, akaniambia kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya mvua, lakini nilikielewa.

Ilipopungua, mimi na Mwalimu tulimbeba chura kwenye karai hadi silangani. Maji yalishaanza kukusanyika, ya kahawia kama chai ya maziwa mengi, na sauti nzito zilikuwa zimeanza kuitikiana kutoka kila upande. Chini ya udongo ule tulioukanyaga miezi yote walikuwapo wengi, na sisi hatukujua. Tulimwachilia. Alikaa ukingoni kidogo, kisha akaingia.

Ningeweza kunyamaza. Ushindi ulikuwa wangu. Lakini niliweka karai chini. "Mwalimu," nikasema, "sikuona koo likicheza."

Aligeuka akanitazama. "Basi ulijuaje?"

"Sikujua. Susu alisema ana mambo yake na mvua. Na mimi nilitaka tu awe hai."

"Ungesema hivyo," akaniambia. "Ungesema Susu amesema. Susu ameishi na silanga hili miaka mingapi? Huo ulikuwa ushahidi bora kuliko koo." Kisha akatoa daftari langu, alilolichukua darasani, kutoka ndani ya koti lake, alikolificha lisilowe. "Andika yote. Hata hilo la koo."

Niliandika nimesimama, kwa mkono uliokufa ganzi kwa baridi. Nakumbuka nilivyokosa pa kuweka uso. Nakumbuka pia kwamba, nilipomaliza, nilijihisi mwepesi kuliko nilivyojihisi chura alipofungua macho.

Jumapili iliyofuata, Mwalimu alikuja kwetu baada ya ibada, na majani ya chai na sukari, kumuuliza Susu maswali. Walikaa chini ya ukuta wa jiko mpaka jua likapoa. Susu alimweleza mti gani huchanua kabla ya mvua na ndege gani hulia, nyuki huhamia wapi kukiwa na ukame, na kwa nini hakuna mtu anayechimba kisima penye mchanga mweupe. Mwalimu aliandika kila neno. Susu, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aliniambia baadaye, "Huyo mwalimu wako ana masikio." Sikuwahi kumsikia akimsifu mtu zaidi ya hapo.

Wiki tatu baadaye silanga lilijaa viluwiluwi, na kiranja akatutangazia rasmi kwamba la mwisho limetimia: inazaa. Rafu zilikuwa zimesharudi ukutani tangu Jumatatu ile kwa amri ya mwalimu mkuu mwenyewe, aliyewaonyesha wageni wa elimu kidole chake kilichofungwa kitambaa kana kwamba ni nishani. Rafu ya tatu ikajaa hadi ikapinda. Furaha yote ile iliharibika siku moja tu, pale chura mmoja mkubwa alipopanda kutoka silangani na kumeza vifaranga viwili vya Susu. "Mwambie mwalimu wako aje amlishe yeye!" Susu alifoka mtaa mzima ukasikia. Mwalimu alikuja, akaomba msamaha kwa niaba ya chura, wakacheka, wakanywa chai.

Alikaa nasi mwaka mmoja zaidi, kisha akapewa uhamisho. Tulimbebea godoro na jiko lake hadi Migwani, darasa zima, tukiimba. Susu alikuja na jogoo mwekundu ndani ya kiondo, kichwa kimetokeza, akamkabidhi bila hotuba. Gari lilipoondoka, jogoo aliwika dirishani, na wanawake wawili wazima, mmoja ndani na mmoja kando ya barabara, walikuwa wakipungiana mikono huku wakifuta macho.

Silanga limejaa matope sasa. Mwethya ulikwisha polepole, kila boma likanunua tangi lake la plastiki, na mahali palipokuwa na maji binamu zangu hupanda ndengu. Zinazaa vizuri, sina la kulaumu. Mto umechukuliwa mchanga wake na malori, kwa hivyo hakuna anayechimba maji kwa mikono. Kinu cha Susu kiko kwa mama, kimewekwa maua. Susu mwenyewe amelala upande wa juu wa shamba, penye upepo. Mwalimu sikumwona tena, wala sijui kama anaishi.

Watu huniuliza kama nahuzunika. Hapana. Nilikuwapo. Nilizaliwa mahali ambapo kila kitu kilikuwa na shughuli yake, juu ya ardhi na chini yake, na kwa miaka michache mizuri nilikuwa mfupi kiasi cha kuviona vyote bila kuinama.